UZI: Sarafu za Australia, tuzitambue moja moja (vipimo, sura, matoleo na makosa ya kiwandani)

Thumni_ya_Babu (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya sarafu za Australia yametapakaa kwenye nyuzi nyingi humu na majibu mengi ni "hiyo mali, usiachie". Tuyakusanye hapa. Anayeuliza aweke picha za pande zote mbili, mwaka, uzito na kipenyo. Bila hivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Vifaa ni vichache: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), lenzi ya kukuza mara 10, na taa ya mezani inayoweza kulazwa karibu usawa wa meza. Mwanga wa juu unaficha mchoro, ila ukitoka pembeni kila mwinuko unatupa kivuli chake. Darubini ya kuchomeka kwenye kompyuta siipendi kwa anayeanza, maana inakuza mkwaruzo hadi aamini amegundua toleo jipya.

Australia iliingia mfumo wa desimali tarehe 14 Februari 1966. Kabla ya hapo shilingi yao ilikuwa na peni 12, tofauti na ya kwetu ya senti 100. Vipimo vya kawaida ni hivi:

Senti 1: bronzi, g 2.59, mm 17.5 hivi. Kinyama kidogo kinachoruka kwa ngozi, mkia kama unyoya.
Senti 2: bronzi, g 5.18, mm 21.6. Mjusi mwenye kola shingoni.
Senti 5: g 2.83, mm 19.4. Ekidna, anafanana na nungunungu aliyejikunja.
Senti 10: g 5.65, mm 23.6. Ndege wa mkia kama kinubi.
Senti 20: g 11.31, mm 28.5. Platipasi, mnyama mwenye mdomo kama wa bata, majini.
Senti 50 ya 1966: ya duara, g 13.28, fedha asilimia 80.
Senti 50 tangu 1969: pembe 12, g 15.55, nembo ya taifa yenye kangaruu na emu (ndege kama mbuni).
Dola 1 (tangu 1984): rangi ya dhahabu, g 9.00, mm 25. Kangaruu watano.
Dola 2 (tangu 1988): rangi ya dhahabu, g 6.60, mm 20.5. Mzee wa Kiaborijino, nyota za Msalaba wa Kusini na mmea wa asili wa kule.

Kuanzia senti 5 hadi senti 50 ya pembe 12 ni shaba asilimia 75 na nikeli 25. Dola ni shaba 92, aluminiamu 6, nikeli 2. Dhahabu hakuna hata chembe, kwa hiyo wale wa "dola ya dhahabu" tusiwaone huku.

Michoro ya wanyama, nembo na kangaruu watano ni ya Stuart Devlin. Herufi SD utazikuta karibu na mnyama. Ya dola 2 ni ya Horst Hahne, na sarafu za mwanzo za 1988 zipo zenye HH ndogo upande wa mchoro. Nyingi za baadaye hazina.

---

Lenzi10x

Niongezee upande wa kichwa, maana ndiyo njia ya haraka ya kujua kipindi hata mwaka ukiwa umelika.

1966 hadi 1984: Malkia kijana, kazi ya Arnold Machin.
1985 hadi 1998: Raphael Maklouf. Malkia ana taji zito, hereni na mkufu.
1999 hadi 2019: Ian Rank-Broadley. Uso wa mtu mzima, umejaza sarafu. Chini ya shingo kuna IRB.
2019 hadi 2023: Jody Clark, herufi JC, mabega yanaonekana. 2019 ndio mwaka wa mpito, kwa hiyo ukiona sarafu mbili za mwaka huo zina nyuso tofauti usishtuke.
Tangu mwisho wa 2023: Mfalme Charles, kazi ya Dan Thorne. Anatazama kushoto, hana taji.

Za 2023 nyingi bado zina Malkia, pamoja na miaka 1952–2022 ya utawala wake. Hilo si kosa la kiwanda. Kuna watu wanaziuza kama "zenye tarehe mbili".

Moja inachanganya sana: senti 50 ya mwaka 2000 ya ziara ya Malkia ina sura ya Vladimir Gottwald, ambayo haikutumika kama sura ya kawaida ya sarafu nyingine. Nayo ni halali kabisa.

---

mama_Rajabu

Kaka zangu, mimi nina senti 20 za 1966 tatu. Huwa nasikia ya "wimbi" ndiyo inayotafutwa. Wimbi lenyewe liko wapi? Nimezigeuza mpaka macho yanauma.

---

Lenzi10x

Dada, wala usihangaike na platipasi. Angalia namba 20, na hapo hapo namba 2 peke yake. Ile 2 ina mguu wa chini uliolala. Mguu huo una ukingo wa juu na ukingo wa chini. Kwenye sarafu ya kawaida ukingo wa juu umenyooka kama umepigwa rula. Kwenye toleo la wimbi ukingo huo wa juu unapanda kidogo kisha unashuka, kama mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi.

Namna ya kuangalia: laza taa upande wa kushoto wa sarafu, tazama kwa lenzi, kisha zungusha sarafu robo duara na utazame tena. Wimbi la kweli linabaki na umbo lilelile kila pembe. Kama linapotea ukizungusha, lilikuwa kivuli au uchafu uliokaa kwenye kona ya namba. Na ukilazimika kubishana na nafsi yako kama lipo au halipo, basi halipo. Ukishaiona ya kweli mara moja hutaisahau.

Weka picha ya namba 2 tu, ikaribie, bila mmweko wa kamera.

---

mama_Rajabu

Zote zimenyooka. Basi zirudi kopoani 😅

---

Thumni_ya_Babu

Si lazima zirudi dada. Kama hazijachakaa, weka moja nzuri kwa ajili ya mkusanyo wa mwaka wa kwanza. Ila bei yake ni karibu na senti 20 zenyewe.

---

Kalipa_Mbovu

Wakuu nina dola 1 ya mwaka 2000, kangaruu watano, upande wa Malkia naona duara mbili pembeni. Nimesoma mahali kwamba hiyo ndiyo ile chotara, iliyopigwa kwa mihuri ya sarafu mbili tofauti. Naomba uthibitisho kabla sijaiweka sokoni.

---

Thumni_ya_Babu

Hapa ndipo pesa ya watu inapopotea, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Sarafu inapigwa kati ya mihuri miwili ya chuma: mmoja una kichwa, mwingine una mchoro. Mwaka 2000 pale Royal Australian Mint, kiwanda cha sarafu cha Canberra, dola kadhaa zilipigwa muhuri wa mchoro wa dola lakini muhuri wa kichwa wa senti 10. Senti 10 ina mm 23.6, dola ina mm 25. Muhuri mdogo ukigonga kisahani (kipande cha chuma ambacho bado hakijachorwa) kikubwa, ukingo wa muhuri unaacha alama yake ndani ya ukingo wa dola. Ndiyo maana upande wa Malkia kuna kingo mbili, moja ndani ya nyingine.

Sasa pima haya kwa mpangilio:

Kwanza, mwaka ni 2000 na mchoro ni kangaruu watano. Dola nyingine ya ukumbusho haihusiki.

Pili, duara ya ndani izunguke yote. Isikatike popote. Hapa ndipo wengi wanaanguka: muhuri wa kawaida ukikaa pembeni kidogo unaacha ukingo mnene upande mmoja na mstari wa ziada wa umbo la mwezi mwandamo. Hizo ni nyingi na hazina thamani ya ziada.

Tatu, linganisha na dola nyingine ya 2000 ya kawaida, zikae pamoja kwenye picha moja. Kwenye chotara, maandishi ELIZABETH II na AUSTRALIA yamesogea ndani, mbali na ukingo wa nje.

Nne, upande wa kangaruu uwe wa kawaida kabisa. Ukiona ukingo wa ajabu pande zote mbili, sarafu hiyo imegongwa au kubanwa nje ya kiwanda.

Na usiisafishe, mkuu. Hata kwa kitambaa.

---

Kalipa_Mbovu

Duara ya ndani imekatika upande wa kulia, kama nusu tu ipo. Asante, nimeelewa.

---

Sonara_wa_Pili

Mwanzisha uzi amegusa kitu kinachostahili nafasi yake: tofauti kati ya toleo, kosa na jeraha. Ukizichanganya hizi tatu hutakaa sawa.

Toleo liko kwenye muhuri, kwa hiyo linajirudia kwenye maelfu ya sarafu kwa umbo lilelile. Mfano ni lile wimbi. Kosa limetokea wakati wa kupiga: kisahani kilikatwa vibaya, muhuri umezunguka, chuma si chenyewe. Jeraha limetokea baada ya sarafu kutoka kiwandani, na hilo halina thamani hata likivutia namna gani.

Kipimo changu cha kwanza: mstari umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu kinaingia kwenye ufa, kwa hiyo ufa wa muhuri unatokea kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo unatokea umezama. Pitisha ncha ya kijiti cha meno taratibu na utahisi.

Sarafu "iliyoumwa" ukingoni: kama kisahani kilikatwa kikiwa na pengo tangu mwanzo, ukingo ulio mkabala na pengo unakuwa hafifu, kwa sababu pale kwenye pengo hapakuwa na chuma cha kusukuma wakati ukingo unatengenezwa. Ukingo wa mkabala ukiwa mzima na mnene, mtu ametumia tupa au mkasi wa bati. Pima na uzito pia.

Ukingo uliovimba kuelekea ndani, laini, maandishi yamebanwa: hiyo imezungukazunguka ndani ya mashine ya kukausha nguo. Australia mashine hizo ziko kila mahali, na sarafu hizo zinaletwa huku kila mara kama "kosa adimu".

Namba au herufi zenye kivuli bapa kama ngazi upande mmoja: muhuri ulitikisika wakati unaachia sarafu. Ni jambo la kawaida.

Kisha jaribio la mzunguko. Shika sarafu kwa vidole juu na chini, Malkia akiwa wima, halafu izungushe kama unavyofunua ukurasa wa kitabu. Mchoro wa nyuma utokee wima. Ukitokea kichwa chini, muhuri mmoja ulifungwa vibaya. Dola 1 ya 2001 ya miaka 100 ya shirikisho inajulikana sana kwa hili, kuna zilizozunguka nusu duara kamili. Digrii chache za kuinama usizihesabu.

---

Lenzi10x

Naweka matoleo mengine yanayostahili kuchungulia, kwa wale wenye kopo la chenji:

Senti 1 na 2 za 1966 zilipigwa Canberra, Melbourne na Perth bila herufi ya kiwanda. Zinatofautishwa kwa ncha: kwenye senti 1 angalia masharubu ya mnyama, kwenye senti 2 angalia kucha za mjusi. Za Canberra zina ncha kali zote, za viwanda vingine kuna ncha moja iliyokuwa butu makusudi. Ikiwa imechakaa usijisumbue, maana matumizi nayo yanafanya ncha kuwa butu.

Senti 2 za baadhi ya miaka, 1967 ikiwemo, zimekosa herufi SD. Hakikisha mjusi mwenyewe bado ana magamba makali, la sivyo herufi zimelika tu.

Senti 50 za 1979 na 1980: mistari miwili sambamba nyuma ya kichwa cha emu.

Senti 20 ya 1981: kucha za platipasi, ipo yenye kucha tatu na nusu. Mwaka huohuo kuna chache zilizopigwa juu ya kisahani cha dola 2 ya Hong Kong, chenye ukingo wa mawimbi. Hiyo utaijua hata gizani.

Senti 50 ya 1994 ya mwaka wa familia: namba za mwaka zimeachana au zimebanana. Linganisha mbili.

Senti 50 ya 2000 ya milenia: bendera. Kwenye ya kawaida misalaba iliyomo kwenye kona yenye bendera ya Uingereza imeinuka. Kwenye ile inayotafutwa imezama. Ni eneo dogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo taa ya pembeni ni lazima, na uwe na ya kawaida pembeni. Mwanga ukitoka upande usioutarajia, jicho linageuza kilichozama kikaonekana kimeinuka.

---

Pwani_Sarafu

Na za kabla ya 1966? Nimeletewa kifuko, humo kuna moja inalingana kabisa na senti 20 kwa ukubwa lakini ina Mfalme.

---

Sonara_wa_Pili

Hiyo ni florini, yaani shilingi 2. Waaustralia walibadilisha kwa hesabu nyepesi: sixpence (peni 6) ikawa senti 5, shilingi ikawa senti 10, florini ikawa senti 20, na wakaacha ukubwa na uzito uleule. Kwa hiyo zilitembea pamoja na mpya kwa muda. Pekua kopo lote la fedha nyeupe, tazama miaka.

Mwaka ndio unaokupa fedha: hadi 1945 ni fedha asilimia 92.5, kuanzia 1946 ni asilimia 50. Kwa florini ya g 11.31 hesabu mwenyewe, hata iliyochakaa ina thamani ya madini. Vivyo hivyo senti 50 ya duara ya 1966: asilimia 80 ya g 13.28 ni kama g 10.6 za fedha safi. Fedha ilipopanda bei ikawa ndani yake ina thamani kuliko maandishi yake, ndiyo maana haikurudiwa.

Herufi ndogo za viwanda: H ni Heaton wa Birmingham, S ni San Francisco, D ni Denver (hizo za Marekani ni za miaka ya vita, 1942 hadi 1944), I ni viwanda vya India, PL ni London mwaka 1951. Wenye sarafu za zamani za Afrika Mashariki mtazitambua: H ipo kwenye senti zetu za tundu, na shilingi ya 1942 na 1943 ipo yenye I. Viwanda ni vilevile, koloni tofauti. M kwenye fedha za 1916 hadi 1920 ni Melbourne.

Peni ya 1930 sitaizungumzia sana. Ndiyo maarufu kuliko zote na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, kwa kubadilisha namba ya mwisho ya mwaka mwingine. Ukiiona kwenye kifuko, itazame ile 0 kwa lenzi: rangi ya shaba kuizunguka ifanane na rangi ya sarafu nzima. Kisha mpe mtaalamu wa uthibitisho, humu hatuwezi kukuthibitishia kwa picha.

---

Pwani_Sarafu

Ni 1944, chini ina S. Shukrani mkuu.

Nje ya mada kidogo: sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia, mnajua? 1944, kisiwa cha Marchinbar, Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa. Mwanajeshi wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani: nne za Kiholanzi, tano za shaba za Usultani wa Kilwa.

---

Thumni_ya_Babu

Mbona huo ni uzi mwingine mzima. Zilifikaje ni mjadala mpaka leo. Ila kwa mkusanyaji, sarafu za Kilwa na za Australia zimekutana kisiwa kimoja, nami nakubali iwe sababu ya kuwa na folda mbili kabatini.

---

Kalipa_Mbovu

Dola 2 za rangi je? Nina ya ua jekundu la 2012, rangi imebanduka kipande.

---

Lenzi10x

Ua jekundu la 2012 ndiyo dola 2 ya kwanza ya rangi, ikafuata ya zambarau ya 2013 ya miaka 60 ya kutawazwa kwa Malkia. Rangi imechapwa juu ya chuma, kwa hiyo inalika kwenye mfuko wa suruali. Iliyobanduka inashuka bei sana. Mitego ni miwili. "Haina rangi, kosa la kiwanda": asetoni ya kutoa rangi ya kucha inaweza kuiondoa, kwa hiyo bila historia yake usilipe zaidi ya dola 2. Na kinyume chake, mtu anapaka mwenyewe sarafu isiyo na rangi. Kwa lenzi, rangi ya kiwanda ina kingo safi, ya mkono inafuata brashi na kujaa kwenye mabonde.

Kwa sababu hiyohiyo, asetoni isiguse sarafu ya rangi kamwe. Kwa zisizo na rangi, asetoni halisi inatoa gundi na utelezi wa kijani wa plastiki bila kula chuma: loweka dakika chache kwenye glasi (plastiki inayeyuka), toa, acha ikauke yenyewe juu ya karatasi laini. Usisugue. Fanya mbali na moto, dirisha wazi.

---

mama_Rajabu

Huku pwani zangu za bronzi zinaota madoa ya kijani. Niweke wapi?

---

Sonara_wa_Pili

Hewa ya chumvi na unyevu, dada. Adui wa pili ni mifuko ya plastiki laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni: hiyo ni PVC, inatoa majimaji ya kijani. Tumia vifuko vigumu vya polyester au vidonge vya akriliki vya kipimo chake (senti 2 ni mm 21.6, usilazimishe cha mm 21). Viweke kwenye kopo la plastiki linalofunga kwa mpira, pamoja na pakiti za jeli ya kunyonya unyevu kama zile za kwenye viatu vipya. Za rangi zinazobadilika ndizo bora, zikibadilika unazikausha upya. Usishike sarafu kwa uso, shika ubavuni, jasho la kidole linachora alama isiyotoka. Na kabati liwe mbali na ukuta wa nje.

Ndimu, siki, dawa ya meno, Brasso: hapana, hapana, hapana, na hapana.

---

Pwani_Sarafu

La mwisho: zilizobaki ambazo si toleo wala kosa, bureau wanachukua?

---

Thumni_ya_Babu

Bureau za kwetu kwa kawaida zinataka noti, sarafu za kigeni wanakurudishia. Mpe anayesafiri kwenda huko, anazitumia dukani. Senti 1 na 2 ziliondolewa mzunguko kuanzia 1992, lakini bado ni pesa halali na benki za kule zinazipokea.

Kwa zile za kuuza, angalia bei zilizouzwa kwenye mnada, achana na bei zilizoombwa. Anayeomba dola elfu kwa senti 50 ya kawaida anaomba tu. Mkuu, ile florini yako ya 1944 ipime kwanza, utupe gramu, na picha ya ile S iwe kubwa.